Mdomo Wangu, Sauti ya Rosalind

Sehemu ya saba

Jumapili iliyopita mliniacha nimekaa kwenye jumba la sinema la Leicester Square, London, mwaka 1964. Nina miaka ishirini na mmoja, nimevaa gauni la kuazima, na baba yangu yuko kulia kwangu ndani ya suti yake ya kanisani. Taa zimezimwa. Filamu yangu ya kwanza kubwa inaanza, na mimi, Avril Holroyd, binti wa mfuma mazulia wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, ndiye nyota wake.

Wengi wenu mnaniandikia kwamba mnanijua kama yule mama muuza samaki na chipsi wa kwenye televisheni, aliyewachekesha kwa miaka ishirini na sita. Huyo alikuja baadaye sana. Kabla yake kulikuwa na msichana huyu ninayewasimulia, na leo nitawaambia alichofanya. Nina miaka themanini na zaidi na sijawahi kumwambia mtu. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Basi, picha ya kwanza ilikuwa kiwanda. Picha ya pili ilikuwa mimi. Uso wangu ulijaa ukuta mzima. Nikafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya mtu mwingine.

Mdomo ulikuwa wangu. Meno yalikuwa yangu, mpaka lile moja lililopinda. Midomo ilikwenda sawasawa na maneno. Lakini ile sauti haikuwa yangu. Ilikuwa nyororo, imeoshwa, ikiyagusa maneno ya kwetu kaskazini kwa ncha tu, kama mgeni anayeonja supu asiyoiamini.

Nilidhani masikio yangu yameziba. Nikameza mate. Haikusaidia.

Baba akaniinamia. "Avril, anayeongea hapo ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Nimekulea mimi, mwanangu. Huyo si wewe."

"Nyamaza, baba. Watu wanasikiliza."

Niwaeleze kidogo, maana hasira zangu hazitaeleweka vinginevyo. Wakati ule sauti nyingi za filamu zilirekodiwa upya baada ya picha kupigwa. Mwigizaji anaitwa studio, anasimama mbele ya picha yake mwenyewe, anayarudia maneno yake. Mimi nilisubiri kuitwa wiki sita. Nikamuuliza wakala wangu, Bi Olive Sandler, akanijibu, "Mpenzi, sauti yako ilitoka safi mara ya kwanza. Hawakuhitaji." Katika kazi yetu kila mtu ni mpenzi, hasa yule anayedanganywa.

Nami nikavimba kichwa. Nilizunguka London nzima nikiwatangazia waigizaji wenzangu kwamba mimi sikuitwa hata siku moja kurudia sauti. Mzoefu yeyote alijua maana yake pale pale. Usipoitwa wewe, ameitwa mwingine. Hakuna aliyenifumbua macho. Walinipongeza, wakanigongea glasi, nikaenda nyumbani nikiwa nimevishwa kilemba cha ukoka mpaka kwenye nyusi.

Katikati ya filamu kuna mahali namimina chai nikiwa nimeipa kamera mgongo. Siku tulipoigiza sikusema neno lolote pale. Lakini mgongo hauna midomo, unaweza kuuwekea maneno yoyote. Sauti ile ikasema, "Aa, hii imeshakuwa toliki."

Nalijua neno lile mimi.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeiita chai iliyosahauliwa kikombeni ikapoa "toliki". Alilizua mwenyewe, hakuna aliyejua kwa nini. Si neno la Halifax. Si neno la Kiingereza. Ni neno la nyumba moja, la akina Holroyd, watu sita, na wawili kati yao wako kaburini.

Nje ya nyumba hiyo nilimfundisha mtu mmoja tu. Ni Rosalind Pym, mwigizaji mwenzangu, niliyekuwa nikipanga naye vyumba viwili Kentish Town. Binti wa daktari, mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi. Baridi yote ile alikaa jikoni kwetu na daftari. "Shoga, kwenu mtu akichoka mnasemaje? Akikasirika je? Na chai ikipoa?" Aliniambia anajiandaa kwa mchezo wa redio. Nami nilimfundisha kwa moyo wote huku nikimkaangia mayai.

Gauni nililovaa jioni ile lilikuwa lake.

Baba naye alikuwa amelisikia. "Hilo ni neno la mama yangu," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Nani amempa yule mwanamke neno la mama yangu?"

Watu wa mbele wakageuka na kutuambia tunyamaze.

Filamu ilipokwisha watu walisimama wakapiga makofi. Bwana mmoja mnene, mwandishi wa habari za sinema wa gazeti kubwa, akanishika mikono yote miwili. "Binti, sauti ile. Sauti ya watu wenyewe. Haifundishwi shuleni."

"Kweli, haifundishwi," nikamjibu kwa sauti yangu mimi.

Akanitazama kwa huruma. "Pole sana. Una mafua?"

Nilikuwa nimeshamwona Rosalind akiingia chooni kwa wanawake, nikamfuata.

Alikuwa anapaka rangi ya midomo. Aliponiona kwenye kioo mkono ukasimama.

"Toliki," nikasema.

"Avril, ngoja nikueleze."

"Eleza. Nina masikio. Mdomo ndio mmenichukulia."

"Bwana Kersh aliniambia umekubali. Aliniambia umesaini." Bwana Lionel Kersh ndiye aliyekuwa mwenye filamu na mwenye mkataba wangu. "Alisema watu wa London hawataelewa unachosema, na Wamarekani ndio kabisa. Alitaka mtu atakayesikika maskini, lakini aeleweke."

"Na wewe ukajitolea."

"Nilikuwa sijapata kazi miezi minane. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniambie. Tunalala ukuta mmoja, Rosalind. Tunatumia taulo moja. Uliamka asubuhi, ukanywa chai yangu, ukaniuliza bibi yangu alisemaje, ukaenda kuliuza neno lake, ukarudi ukaniuliza tunakula nini jioni."

"Sikuliuza. Lilinitoka tu. Nilikuwa ndani ya mhusika."

"Ulikuwa ndani ya nyumba yangu."

Ndipo akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Na wewe mbona umevaa gauni langu, na mimi sijasema kitu?"

Nilimpiga kofi. Silijutii. Katika yote nitakayowaungamia leo, hilo limo upande wa mambo mema.

Nilipotoka, ukumbi wa mbele ulikuwa umejaa watu na moshi wa sigara. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, anazungumza na kijana aliyekuwa akiandika haraka haraka. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi miaka thelathini na nne kwenye mashine za mazulia, na pale huongei, hutasikika. Lakini alipoamua kusema, alisema kwa sauti ya kushindana na mashine.

"Walter Holroyd. Andika vizuri, kuna 'y' mle. Mimi ndiye baba. Na nakwambia sauti iliyomo kwenye sinema hiyo si ya mwanangu. Wamempachika ya mwingine."

"Baba, twende."

"Namwambia ukweli tu huyu kijana."

"Twende, baba."

"Kwani nimesema uongo?"

Nilimvuta kwa mkono wa koti kama mzigo. Usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyedhani anakutetea, na wewe unamfukuza. Siku ya pili alfajiri nilimpandisha treni ya kurudi Halifax na hatukuzungumza ila habari za hali ya hewa.

Saa nne asubuhi nilikuwa ofisini kwa Bwana Kersh. Bi Olive alikuwepo, amevaa glavu, haniangalii machoni. Mezani kulikuwa na magazeti mawili.

La kwanza ni lile la yule bwana mnene. Aliandika kwamba hatimaye sinema ya Uingereza imepata sauti isiyoghushiwa. Kwamba anayetaka kujua mtu wa kaskazini anasemaje, aende akamsikilize Avril Holroyd.

La pili lilikuwa na picha ya baba na kofia yake. "Si Mwanangu Anayeongea", ndivyo kilivyosema kichwa cha habari.

"Unaona tatizo," Kersh akasema. Alikuwa mtu mpole wa kusema, na upole wake ulinitia hofu kuliko makelele. "Nina gazeti moja linalosema sauti yako haina mfano. Nina jingine linalosema si yako. Moja linajaza ukumbi. La pili linanifanya tapeli."

"Wewe ni tapeli," nikasema.

"Mpenzi," Bi Olive akasema.

"Na wewe ni wa pili. Uliniambia sauti yangu imetoka safi."

"Ilitoka safi," Bi Olive akasema. "Ilitoka safi sana. Ndiyo iliyowatisha."

Kersh akafungua mkataba, akaweka kidole. Niliusaini nikiwa na miaka kumi na tisa, pale pale Halifax, kwenye meza ya hoteli ya karibu na stesheni, mama akilia kwa furaha. Uliipa kampuni uso wangu, mwili wangu, jina langu na sauti yangu, kwa namna yoyote itakayoona inafaa, kwa miaka saba. Na nisitamke hadharani neno lolote la kuidhuru filamu.

"Imebaki mitano," Kersh akasema. "Naweza kukupa kazi miaka mitano. Naweza pia kukuweka kabatini miaka mitano. Hutaigiza kwangu, hutaigiza kwa mwingine. Ukitoka humo utakuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna atakayekumbuka jina lako isipokuwa mimi."

"Unataka nini?"

"Alhamisi jioni utakuwa kwenye televisheni. Kipindi cha Hugh Carswell, moja kwa moja, nchi nzima iko mezani inakunywa chai. Atakuuliza kuhusu baba yako. Utasema mzee alikuwa amekunywa. Kidogo tu. Alizidiwa na furaha ya siku. Watu watacheka, watampenda, yamekwisha."

Nikacheka mimi. Nilicheka mpaka machozi.

"Baba yangu hanywi," nikasema. "Hajawahi. Ni Mmethodisti. Baba yake alitolewa mferejini amekufa na chupa mfukoni, na wiki ile ile baba akasimama kanisani, ana miaka tisa, akaapa pombe haitamgusa midomo. Kila Jumapili anafundisha watoto habari hiyo. Ukitaka kumuua, chukua bunduki, ni uungwana zaidi."

"Hapa London hakuna anayelijua hilo."

"Halifax nzima inalijua."

"Halifax," Kersh akasema polepole, "haijazi kumbi zangu."

Nilisimama nitoke. Naapa nilikuwa nimeshika kitasa. Kama ningekizungusha, hadithi hii ingeishia hapa na ningekuwa mtu mwingine.

Kersh akasema nyuma yangu, "Filamu ijayo utasema kwa sauti yako mwenyewe. Nitaandika na nitasaini. Hakuna atakayeigusa."

Sikukizungusha.

Ndiyo, ndugu zangu, aliujua mlango wangu uko wapi. Angenipa gari ningemtemea mate. Alinipa kitu alichoniibia, nami nikakitamani kama zawadi. Nilirudi kwenye kiti nikakaa. Bi Olive akanimiminia chai.

"Jambo moja," Kersh akasema. "Alhamisi utaongea na ile sauti ya kwenye filamu. Ukiongea hivi unavyoongea sasa, baba yako anakuwa mkweli kabla hujamaliza sentensi."

"Sauti ile siijui."

"Yupo anayeijua."

Hivyo ndivyo Rosalind Pym alivyorudi jikoni kwetu, shavu bado jekundu, kunifundisha mimi kuongea kama mimi. Siku mbili tulikaa kwenye meza ile ile. Safari hii daftari lilikuwa langu.

"Sema, 'Nimetoka Halifax,'" akasema.

Nikasema.

"Hapana. Hapo umemeza mno. Unasikika wa kaskazini kupita kiasi."

"Mimi ni wa kaskazini."

"Najua, Avril. Lakini usiwe hivyo sana."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa. Nikasema mara kumi, mara ishirini. Nilijifunza kulainisha nilipozoea kukata. Nilijifunza kuuweka ulimi mahali ambapo ulimi wa akina Holroyd haujawahi kukanyaga. Na ubaya wake, nilikuwa na kipaji. Kufikia Jumatano jioni nilimwiga Rosalind anayemwiga Avril, na hata yeye alinikodolea macho.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hiyo."

Halafu akafunga daftari. "Mimi ningekuwa wewe, nisingesema vile juu ya baba."

"Umekuwa mimi miezi mitatu, Rosalind. Sikukusikia ukikataa kusema chochote."

"Nasema kweli. Tukienda wote wawili, tukamwambia Carswell ukweli, mimi nitakuwa upande wako. Mimi sina mkataba. Hawana cha kunifanya."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Kuniibia alikuwa ameniibia. Sasa alitaka na wema awe nao yeye. "Usinifundishe na uungwana," nikamwambia. "Umenifundisha vya kutosha."

Ningeweza kumpa baba taarifa. Nyumbani hatukuwa na simu, lakini duka la kona lilikuwa nayo, na mwenye duka angemwita kwa dakika mbili. Ningeweza kumtumia telegramu ya maneno matatu. Nilipita mbele ya posta Jumatano na Alhamisi, na mara zote mbili nilijifanya naangalia dirisha la duka la viatu. Nilijiambia nitamweleza baadaye, uso kwa uso, naye ataelewa. Kila mtu anayekaribia kufanya ushenzi ana baadaye yake.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni nilikaa kwenye kiti chekundu chini ya taa kali. Hugh Carswell alikuwa mbele yangu, miguu amepishanisha, nywele zinang'aa. Pembeni yetu kulikuwa na kiti cha tatu kitupu. Nilidhani ni cha Kersh. Kersh alikuwa amesimama nyuma ya kamera, mikono mfukoni, akiniitikia kwa kichwa kama mjomba kwenye harusi.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

Carswell alianza na sifa. Alisoma maneno ya yule bwana mnene. Akaniuliza nilivyokua, kiwanda, mvua, mkate na mafuta ya nyama. Nilijibu yote kwa sauti ya Rosalind. Ilikuja yenyewe, kama iliyokuwa ikisubiri. Niliwaona wapiga picha wakitabasamu. Nilikuwa mtamu. Nilikuwa maskini na naeleweka.

"Lakini, Avril," Carswell akasema, akiegemea mbele, "kuna bwana mmoja asiyekubaliana nasi. Baba yako mzazi anasema sauti tunayoisikia si yako. Je, anadanganya?"

Nilitarajia kutetemeka. Sikutetemeka. Nimeigiza tangu siku hiyo mbele ya watu mamilioni, nimekufa mara saba, nimezaa mara nne, nimeolewa na wanaume nisiowapenda, na sijawahi kuigiza vizuri kama nilivyoigiza dakika ile.

Nilicheka kidogo. Nikainamisha uso. "Maskini baba," nikasema. "Usimlaumu. Alikuwa amekunywa. Anapenda glasi yake, unajua wazee wa kule kwetu. Jioni ile alizidisha."

Kersh alikuwa ameniambia niseme mara moja tu. Ile "anapenda glasi yake" nilijiongezea mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Ilinoga mdomoni.

Watu wa studio wakacheka kwa upendo, kama Kersh alivyosema. Carswell naye akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Asante kwa ukweli wako," akasema. "Tulifikiri ni haki tumsikie na yeye. Tulimtumia tiketi ya treni. Tangu tuanze yupo chumba cha pili, anatutazama kwenye seti ya televisheni. Bwana Holroyd, karibu."

Nilimtazama Kersh. Alikuwa ametoa mikono mfukoni. Hakuwa amejua, na hilo lilikuwa jambo pekee jioni ile tulilokuwa nalo sawa, mimi na yeye.

Baba aliingia polepole, akiruka nyaya za kamera kama anayevuka matope. Suti ya kanisani. Nywele amezilowesha maji. Alikaa kwenye kile kiti cha tatu, akaiweka kofia kwenye magoti, akaishika kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na makovu ya nyuzi. Mimi hakunitazama.

Nilijua kitakachofuata. Baba yangu hakuwahi kusema uongo hata ule wa kumfariji mgonjwa. Aliwahi kurudi dukani maili mbili kwenye theluji kuwaambia wamekosea kumpimia siagi, wamemzidishia. Atafungua mdomo, atasema kwa sauti ile ya mashine, na mimi nimekwisha, Kersh amekwisha, Rosalind amekwisha. Na nitawaambia kitu cha ajabu. Nilifurahi. Nilikaa pale nikimwombea aseme. Nibomoe, baba. Nibomoe nipumzike.

"Bwana Holroyd," Carswell akasema, "umemsikia binti yako. Anasema ulikuwa umelewa. Unasemaje?"

Baba akaiangalia kamera. Alijua ni nani waliokuwa upande wa pili. Mama, na jirani mwenye televisheni. Wazee wa kanisa. Wale watoto wa Jumapili. Nilimwona akiwahesabu mmoja mmoja.

Ndipo akanigeukia. Alinitazama muda mrefu kuliko televisheni inavyoruhusu. Sikuona hasira usoni mwake. Ningeomba iwepo hasira.

"Ni kweli anavyosema binti," baba akasema. "Nilikuwa nimelewa."

Carswell akapekua karatasi zake akitafuta swali. Msimamizi wa studio akaonyesha vidole viwili, zimebaki dakika mbili, na taa nyekundu ikazimika kwenye kamera ya baba ikawaka kwenye kamera yangu. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya Rosalind.